Nyuma ya Lile Jiwe

Kwetu Kongo, milimani juu ya Uvira, mtu anayepanda haambiwi kwamba bado ni mbali. Ukimkuta njiani na mzigo wa mihogo mgongoni, kamba imemkaza paji la uso, akakuuliza kama kijiji kiko karibu, unamjibu, "Karibu tu, uko unafika." Unamjibu hivyo hata kama jua litazama kabla hajaona paa la kwanza. Mama yangu alinifundisha hivyo. Alisema ukimwambia mtu ni mbali atakaa chini, na akikaa chini mlimani, mvua itamkuta hapo hapo. Naye anayeambiwa anajua kwamba pengine si karibu. Anashukuru, anasonga.

Mimi naitwa Apolline. Nina miaka sabini na moja, na kumi na miwili kati ya hiyo nimeishi Nakivale, makazi ya wakimbizi. Niliingia Uganda na mjukuu wangu Olga, wakati huo akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Mama yake, binti yangu Orpa, alibaki kwenye udongo wa kule Fizi, na kaka zake Orpa wawili pia. Tulikaa kituo cha mapokezi cha Kabazana majuma sita kabla ya kupewa kiwanja. Palikuwa na mpishi mmoja pale, sikuwahi kujua jina lake, ambaye kila mchana alimbakizia Olga ukoko wa posho, ugali wa huku, chini ya sufuria. Olga mpaka leo anapenda ukoko.

Kilima ninachotaka kukieleza kiko upande wa Ngarama. Wenyeji wanakiita Mugongo, maana kinafanana na mgongo wa ng'ombe aliyelala. Buruhan, mfanyabiashara wa vipuri vya baiskeli huko Mbarara, alianza kuleta watu hapo kila Jumamosi, yeye na dada yake Safiyah. Wale watu walikuwa wamechoka na vumbi la mji. Walipanda Mugongo, na wakifika juu waliona ziwa chini yao na viboko wakiwa kama mawe meusi, mashamba ya ndizi, na siku ambayo anga ni safi waliona hata Tanzania ng'ambo. Wasiotaka kupanda waliendesha baiskeli kando ya ziwa, au walikwenda kwa wafugaji kunywa maziwa na kupigwa picha na ng'ombe wa pembe ndefu. Wengine walibeba mahema, wakalala juu ili waone jua likitoka kwenye ukungu.

Mimi nilicheka mara ya kwanza niliposikia. Kwetu mtu hupanda mlima kwa sababu shamba lake liko juu, au ng'ombe wake, au amekimbia. Kupanda ili ushuke tena! Lakini nilipowaona wageni wenyewe wakishuka jioni, wamepigwa na jua, wanacheka kama watoto waliotoroka shule, niliacha kucheka.

Safiyah alimkuta Olga kwenye kilima kile akikata majani ya kuezekea. Alimwona anashuka na mzigo na kupanda tena, mara tatu, bila kusimama.

"Dada," Safiyah alimwuliza, "wewe hapana choka?"

"Nichokee fasi gani? Hii haiko mulima. Kwetu hii tunaita uwanja."

Safiyah alicheka mpaka akajishika magoti. Jumamosi iliyofuata Olga alikuwa gidi wa Mugongo, mwenye kuongoza wageni. Safiyah alimfundisha kwa subira: mgeni aambiwe muda wa kweli wa safari, aulizwe kama ana ugonjwa, asisukumwe. Alimpa filimbi ya kuitia msaada. Na mimi, kwa sababu Olga aliomba, nilipewa kazi ya kukaa katikati ya njia, mahali palipo na mawe ya kukalia, nikiwachemshia wageni chai ya tangawizi na kuwachomea mahindi. Safiyah alipoona natandika kanga chini alinitafutia kiti chenye mgongo. Alikibeba mwenyewe kichwani mpaka pale, mwanamke wa mjini.

Sasa niseme kilichokuwa kinatusumbua. Mgao wa chakula ulikatwa, na sisi wawili tukawekwa katika kundi la wale wasiopewa kitu. Mahindi yetu yalikauka misimu miwili. Na Pontien, baba mdogo wake Olga, alikuwa anapiga simu kutoka Uvira. Alikuwa anakusanya wasichana wa kupika na kuuza chakula kwenye machimbo ya dhahabu, kule kule Fizi tulikokimbia.

Olga, ambaye huniita Koko, yaani bibi, hakunificha. Tulikuwa tunapukuchua maharage mlangoni aliponiambia, "Koko, kazi ya baturisti ikiendelea, sitoki hapa. Ikikufa, naenda na Pontien."

"Kule njo kulikufia mama yako."

"Minajua."

"Bunduki bado ziko."

"Minajua, Koko. Lakini sitakaa hapa nikuangalie unalala njaa, na wewe uniangalie mie. Tutaangaliana mpaka lini?"

Tangu siku ile nilimpenda kila mgeni aliyepanda Mugongo. Nilimwombea kila mmoja afike juu, afurahi, awaambie wenzake.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba walikuja wazee kumi na mmoja kutoka Ruti, mtaa wa Mbarara, wote wa msikiti mmoja, wengi wao wastaafu. Nilisikia utani wao kabla sijawaona. Mmoja alikuwa mnene, anaitwa Muhammed, zamani mwalimu wa hesabu, na alikuwa amevaa viatu vipya vyeupe kabisa.

"Mwalimu," mwenzake alikuwa anamwambia, "hiyo viatu nakwenda harusi?"

"Mimi nakuja kuoa hii mlima. Wewe baki na jaja, kula mahindi."

"Mahari iko wapi?"

"Jasho yangu. Hapana ona?"

Jaja ni mimi; huku ndivyo wanavyomwita bibi. Walifika kwangu wakacheka, wakakaa. Olga aliwaacha wapumzike, kisha akasimama mbele yao kama alivyofundishwa.

"Bazee bangu, kutoka hapa mpaka juu ni saa moja na nusu, na fasi ya mwisho ni mawe matupu. Mwenye kuchoka abaki hapa na Koko. Tutamukuta tukishuka. Haiko haya."

Wanne walisema wanabaki. Muhammed alikuwa ameketi kwenye jiwe, anavuta pumzi kwa mdomo. Nilimpa chai. Aliishika bilauri kwa mikono miwili, akanishukuru kwa Kinyankore, kwa Kiganda na kwa Kiarabu. Halafu akaitazama njia. Nimewaona watu wengi wakitazama njia namna ile, wakati tunakimbia: siyo uchovu tu, ni kuogopa kuachwa na wenzao.

Aliniinamia ili wengine wasisikie. "Jaja, ambia mimi kweli. Iko mbali?"

Nikamwambia, "Karibu tu, mwanangu. Nyuma ya lile jiwe."

Nilimwita mwanangu, ingawa umri wetu haukuachana sana. Na nyuma ya lile jiwe kulikuwa na mlima mwingine mzima.

Olga aliinua kichwa. Alikuwa anafunga mfuko wa maji. Alinitazama, na mimi nikamtazama. Kwetu mtoto hamsahihishi koko wake mbele ya wageni, hata kama koko amesema ng'ombe hutaga mayai. Alifunga kamba mpaka mwisho.

"Twende pole pole, mzee," alisema. Basi.

"Nyinyi nasikia?" Muhammed aliwaambia wale wanne waliokuwa wanabaki. "Nyuma ya ile jiwe! Nyinyi nabaki kama kuku ya mayai!" Akasimama, akaenda. Nilifurahi. Nasema ukweli, nilipomwona anakwenda na viatu vyake vyeupe, nilifurahi kama nimemsaidia kubeba kitu.

Niliweka maji mengine motoni. Yalikuwa yamechemka mara ya pili niliposikia filimbi. Mara tatu. Kisha mara tatu tena.

Bondeni walikuwako wanaume watano wanapalilia ndizi. Hakuna aliyewaita kwa jina. Waliacha majembe yao na kupanda mbio. Olga alikuwa ameshakata miti miwili na kufunga hema la akiba alilokuwa amebeba, akatengeneza ile machela ya kwetu tunayoiita kipoyi, na wakamshusha Muhammed juu yake. Mmoja wao, Musoni, alivua shati lake akalishikilia juu ya uso wa mgonjwa ili jua lisimpige, akatembea kinyumenyume sehemu yote ya mawe. Mdomo wa Muhammed ulikuwa umekwenda upande. Kiatu kimoja hakikuwepo.

Walipoondoka na gari nilikwenda kukitafuta kile kiatu. Sijui kwa nini. Nilikikuta juu, kupita lile jiwe, lakini bado mbali sana na kilele.

Jioni Olga alinieleza. "Tulifika nyuma ya jiwe. Akasimama. Akaangalia juu, akaona mulima yote iliyobaki. Nikamwambia, mzee, turudi. Akasema hapana, jaja alisema karibu. Akatembea tena nusu saa, Koko. Alikuwa anahesabu hatua zake kwa sauti."

Muhammed hakufa. Alikaa hospitali Mbarara siku tisa, akarudishwa nyumbani Ruti na upande wa kulia hauna nguvu, na maneno yanatoka kwa shida. Lakini habari ilikuwa imetembea kuliko yeye. Watu walisema gidi mkimbizi alimdanganya mzee wa watu mpaka akaanguka.

Siku chache baadaye Buruhan na Safiyah walikuja kwetu. Nilikuwa mlangoni nachagua mchele wenye mawe, ambao jirani alinigawia. Buruhan alinisalimia kwa heshima, akakataa kiti, akamgeukia Olga.

"Olga, mimi nauliza mara moja tu. Nani naambia mzee kwamba ni karibu?"

Mkono wangu ulisimama juu ya ungo. Olga hakunitazama.

"Njo mie," alisema. "Ni mimi."

Safiyah alishika mdomo. "Lakini mimi nafundisha wewe! Bambi, maskini Olga, juu ya nini?"

"Nilifikiri nitamupa nguvu."

Na mimi nilinyamaza. Nimejiuliza sana. Ulimi ulikuwa mzima, masikio yalikuwa yanasikia. Nilinyamaza tu, kama mtu aliyekaa chini mlimani. Buruhan alisema safari zimesimama kwanza. Alisema bila hasira, na alipoondoka alimsukumia Olga mkononi mfuko wa unga, akaenda haraka ili asishukuriwe.

"Juu ya nini umesema ni wewe?" nilimwuliza Olga walipokwisha kuondoka.

"Koko, wangekuita muongo wewe, mama muzee, mbele ya batu. Mie niko kijana. Aibu ya kijana inapita."

"Na kazi?"

"Kazi ilikufa siku ile ile."

Jumatano Pontien alifika. Aliongea kwa upole, aliniletea dagaa wa Tanganyika waliofungwa kwenye gazeti, harufu yao ikanitoa machozi. Alisema wataondoka Jumatatu. Alhamisi asubuhi nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikafunga kile kiatu cheupe kwenye mfuko, nikaenda Ruti. Olga nilimwambia naenda kumsalimia mgonjwa. Niliwaza hivi: kama wakijua aliyedanganya ni mimi, watamrudisha yeye. Aibu yangu wanaweza kuichukua yote. Ninaitumia kwa kazi gani tena?

Nyumba niliulizia dukani, na mwenye duka akafunga duka lake kabisa, akanipeleka mpaka mlangoni. Aliyenifungulia ni Nasimah, mke wa Muhammed, mwanamke mrefu mwenye sauti ya pole. Alizaliwa Bukoba, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Nilimwambia mimi ni mwanamke wa chai wa Mugongo. Hakuniuliza zaidi. Aliniketisha, akaninawisha mikono, akaniletea chai na chapati kabla sijasema neno.

Muhammed alikuwa kwenye kochi, mito imemzunguka. Aliponiona jicho lake moja lilicheka.

"Ja... ja," alisema.

Nilipiga magoti. Nasimah alikuja haraka kuniinua, nikamwambia aniache hapo, maana nikisimama sitasema.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyekuambia ni karibu. Siyo mtoto. Mtoto alikuambia kweli, saa moja na nusu. Kwetu tunasema hivyo kwa mtu anayepanda, tumpe moyo. Sikujua kwamba wewe utaniamini."

Muhammed alitikisa kichwa, akajaribu kusema, mate yakamtoka. Nasimah alimfuta kwa ncha ya mtandio wake, akamtegea sikio.

"Anasema anajua," aliniambia. "Anasema alikuwa mwalimu, anamjua mtu anayetaka kumpa alama asizostahili." Kisha akakaa sakafuni karibu nami, yeye mwenye nyumba. "Mama, na mimi nikuambie. Daktari alimkataza vilima tangu mwaka jana. Siku ile aliniambia wanakwenda kukaa kando ya ziwa, kula samaki, na kurudi. Hakutaka niwe na wasiwasi. Kwa hiyo usijibebeshe yote."

Nikamwambia habari ya Olga, na Pontien, na Jumatatu. Nasimah alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akachukua simu, akampigia Buruhan hapo hapo, akaifungulia sauti ili sote tusikie. Alimweleza kila kitu. Alisema, "Sisi wenye mgonjwa tumeshasamehe. Mrudishe binti wa watu kazini."

Tulisikia Buruhan akizima injini ya gari.

"Mama Nasimah, mimi nasikia. Mimi hapana kasirika na jaja, hapana kasirika na Olga. Lakini kazi gani mimi narudisha? Makundi matatu nakataa kuja. Shule nakataa. Gari yangu sasa nabeba matoke ya mtu, mpaka mwisho ya mwaka. Hata jaja naingia redio kusema kweli, watu nasikia kitu moja tu: ile mlima naangusha watu."

"Hakuna hata siku moja kwa mwezi?" Nasimah aliuliza.

"Hakuna, mama. Wallahi, kama iko mimi nasema iko."

Nilisikia Safiyah ananyang'anya simu. "Jaja, pole. Pole sana bambi." Alikuwa analia, na mimi nikawa namfariji.

Nilitoa kiatu kwenye mfuko nikakiweka chini, karibu na mguu wa Muhammed. Kilikuwa kimekuwa chekundu kwa vumbi, nilisahau hata kukisafisha. Aliutazama mguu wake wa kulia, akautazama tena, kama anausubiri ukisogelee. Nasimah alikiokota, akakiweka juu ya kabati pamoja na mwenzake. Alinipa sukari na mtandio, akanisindikiza mpaka barabarani, akasimama nami mpaka nikapata gari, ingawa aliacha mgonjwa peke yake.

Nilipofika nyumbani Olga alikuwa anafua.

"Ulienda kusema," aliniambia bila kuinua macho.

"Nilienda."

"Wamesema nini?"

"Wamesamehe wote."

"Na kazi?"

Nilikaa kwenye kizingiti. Safari hii nilimwambia kama ilivyo. "Hakuna kazi. Buruhan amekodisha gari lake kubeba matoke. Hakuna, Olga."

Aliendelea kukamua shuka. Nikamwambia, "Baki. Tutakula maharage. Nitakwenda kuomba kanisani. Nitasuka mikeka." Nilikuwa nasema vitu ambavyo mikono yangu haiwezi tena, na yeye alikuwa anaijua mikono yangu.

"Koko," alisema, "usiniombe. Ukiniomba nitabaki, na nikibaki tutakosa wote wawili."

Basi sikumwomba. Siku tatu zile nilikuwa na maneno mdomoni asubuhi mpaka jioni, na sikumwomba.

Jumatatu walipita kumchukua alfajiri, Pontien na wasichana wengine wanne. Mmoja wao hakuwa na sweta, na Olga alimvika lake. Alipiga magoti nimwekee mkono kichwani. Nilisali sala fupi, maana gari lilikuwa linanguruma na nilikuwa naogopa sauti yangu. Alinishika mashavu, akapanda nyuma pamoja na mizigo. Walipofika kwenye kona alikuwa bado ananitazama, na mimi nilikuwa nimeshainua mkono, sikujua namna ya kuushusha.

Niliporudi ndani niliona alichokifanya. Madumu yote ya nyumba yalikuwa yamejaa maji, hata lile la jirani lililotoboka alikuwa ameliziba kwa sabuni. Shuka zimekunjwa. Kuni zimepasuliwa ndogo ndogo, kwa kiasi cha nguvu zangu.

Mara moja alipiga simu kutoka Uvira, akasema wanaanza kupanda kesho yake. Tangu hapo simu yake haipatikani. Pontien vilevile. Majirani wananiambia huko juu hakuna mtandao, na mimi ninawaitikia.

Maji yale niliyatumia kidogo kidogo, yakadumu siku sita. Siku ya saba nilichukua dumu dogo, nikaenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu. Mwanamke mmoja Msomali, nisiyemjua, alinitazama, akaliondoa dumu lake, akaliweka langu mahali pake, akaenda kusimama nyuma.